Vijana wa makadirio, akiba ya umeme ya Oktoba haiko kwenye nempleti

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia makadirio matatu ya akiba ya umeme ya msimu wa joto, ule uwezo unaobaki juu ya matumizi, na yote matatu mmejumlisha nempleti, yaani uwezo ulioandikwa kwenye kibati cha kila mashine. Yote! Nawapenda na kazi mnaiweza, ndio maana nimeona niandike hapa badala ya kumfokea mmoja mmoja.

1. Nempleti imeandikwa kwa hali ya hewa ya kwingine. Mitambo ya gesi hupimwa kwenye hewa ya nyuzi 15, na kila nyuzi ikipanda inapoteza zaidi ya nusu asilimia. Jenereta za dizeli mara nyingi ni nyuzi 25 karibu na usawa wa bahari, na sisi Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu, kwenye hewa nyepesi.

Hili nililijua kwa machungu. Kabla ya kuja huku nilikuwa kiwanda kimoja cha minofu ya sangara huko ufukweni, mimi ndio nilipanga umeme wao wa akiba. Jenereta tatu, kilowati 800 kila moja. Lodi, yaani umeme ambao kiwanda kinavuta, nilipima mwezi wa Juni, ikafika kilowati 1,400, nikasema mbili zinabeba, ya tatu akiba, nikasaini. Kulikuwa na mzee mmoja fundi wa shifti akaniambia, "Mwanangu, hizi mashine mchana wa Oktoba sio hizi za asubuhi." Nikamuonyesha nempleti. Yaani mtu amelala na zile mashine miaka na miaka, mimi namuonyesha kibati.

Oktoba ikaja, laini ya umeme wa gridi ikazimwa siku nzima kwa matengenezo, tulitangaziwa mapema kabisa. Saa nane mchana chumba cha jenereta kiko nyuzi 47 kwa sababu rejeta zote zinapuliza humo humo, kila mashine haitoi hata 700, na huku kompresa za barafu na vyumba vya baridi zinavuta zaidi kwa sababu joto hilo hilo linazibana, lodi imefika 1,580. Ya tatu tukaiwasha, kwa hiyo akiba ikawa imeisha na mimi bado naamini ninayo. Moja ikachemsha ikatripu, yaani ikajizima, zile mbili zikazidiwa, frikwensi ikashuka, zikafuata, giza. Vyumba vya kugandishia tulifunga milango vikastahimili, ila minofu mibichi ya siku ile yote ikaharibika, na wale kina mama wa kukata minofu wanaolipwa kwa siku wakarudishwa nyumbani mikono mitupu. Walipita mbele yangu getini mmoja mmoja na hakuna aliyesema kitu, mpaka leo nikiona Oktoba kwenye karatasi nawaona wao.

Kwa hiyo joto linakukata mara mbili, linapandisha lodi na kushusha mashine, saa ile ile. Gridi nzima iko hivyo hivyo, ukubwa tu ndio tofauti.

2. Akiba iko upande gani wa laini? Mtu anaandika Bwawa la Nyerere megawati 2,115 anafunga kazi. Liko Rufiji jamani! Kufika huku umeme unapita mgongo wa kilovolti 400 Iringa hadi Shinyanga, halafu 220 kuja Mwanza, na waya ukiwa juani unalegea na uwezo wake unapungua. Toa laini moja kwenye hesabu ndio uniambie kinachobaki kinabeba nini.

3. Pima akiba kwa mashine kubwa kuliko zote, ikizima ghafla akiba izibe pengo lake. Moja tu ya zile tisa za Nyerere ni megawati 235, kituo chetu cha umeme cha Nyakato chote hakifiki theluthi yake.

4. Sola msiihesabu kwenye piki, kile kilele cha matumizi, ya saa moja usiku. Ndio, kuna mtu kaihesabu.

5. Transfoma usiku wa joto haipoi, kesho inaanza siku ikiwa na moto wa jana. Wekeni usomaji wa usiku pia.

6. Matengenezo ya mashine msiyapange Septemba na Oktoba, na hapa ndio nawaomba kitu: kabla hujaandika namba nenda kituoni, kaa na fundi wa zamu, omba daftari la shifti. Yule mzee daftari lake lilikuwa na usomaji wa kila saa, Oktoba tatu mfululizo, na zile kilowati 680 zilikuwepo humo muda wote kwa peni ya bluu. Nilikuja kulifungua jioni ile, tukiwa na tochi.

Makadirio yote matatu nimeyarudisha. Nayataka Ijumaa, na usomaji wa saa nane mchana uwemo.