Ratiba ya treni iache kituoni: ushauri kwa wenzangu wa tanga

Sisi wapenzi wa mashua za tanga ambao siku za kazi tunaishi kwa treni tuna malalamiko yanayofanana. Treni inakupangia saa ya kuamka, inakupangia pa kusimama, inakukataza kuvuka mstari wa manjano, na mlango ukishafungwa haufunguliwi tena hata kama umefika mbio. Siku ya mapumziko unakwenda majini, unatweka tanga, na unajiona kama mtu aliyetoka kifungoni. Nimeyasikia haya kwa wenzangu wengi, na nayaelewa, maana nimeishi pande zote mbili kwa miaka mingi. Ila sikubaliani nayo, na naamini yanatuponza. Mtu anayedhani reli ndiyo yenye sheria na bahari ndiyo yenye uhuru huishia kununa mbele ya kanuni inayomlinda, kisha anapeleka haraka ya reli majini, mahali ambapo haraka huua.

Bahari ina sheria tena kali. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini ni za mwaka 1972, zilianza kutumika 1977, na zinamhusu mwenye kimashua cha tanga moja sawasawa na nahodha wa meli ya makontena. Vyombo viwili vya tanga vikikaribiana, chenye upepo upande wa kushoto hukipisha chenye upepo upande wa kulia. Vyote vikiwa na upepo upande mmoja, kilicho upande wa joshi (upepo unakotoka) hukipisha kilicho upande wa demani (upepo unakoelekea). Hata ule usemi kwamba tanga lina haki siku zote si wa kweli: ndani ya njia nyembamba ya maji, chombo cha tanga hakiruhusiwi kuizuia meli ambayo haina pengine pa kupita salama. Anayeanza tanga leo ningemwomba ajue hilo kabla hajajifunza fundo hata moja.

Tofauti na reli iko kwenye kile ambacho sheria inakitegemea. Kanuni za bahari zinamtegemea mtu. Kanuni ya 5 inataka uangalie kwa macho, kwa masikio na kwa kila njia uliyo nayo. Ya 6 inataka mwendo wa salama, wala haitaji namba yoyote. Kipimo ni mwonekano, wingi wa vyombo, upepo, kina cha maji. Ya 8 inataka ukigeuza ugeuze mapema na kwa kiasi ambacho mwenzako atakiona, si kugeuza kidogo kidogo. Na ya 17, ambayo naipenda kuliko zote, inamwambia hata mwenye haki kwamba ikifika mahali mwenzake hawezi tena kuepuka ajali peke yake, basi naye lazima afanye jambo.

Reli haiwezi kuendeshwa hivyo. Treni haina pa kukwepea. Gurudumu la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo, kwa hiyo treni iliyo kwenye kasi huhitaji mamia ya mita kusimama, na ikiwa kwenye kasi kubwa huhitaji zaidi ya kilomita. Dereva akishakiona kizuizi kwa macho, mara nyingi muda umeshapita. Ndiyo maana njia hukatwa vipande, na kila kipande kikapewa treni moja tu kwa wakati mmoja. Breki nazo, tangu ile breki ya hewa ya Westinghouse ya miaka ya 1870, hufanya kazi kinyume na watu wengi wanavyodhani: ni hewa iliyo ndani ya bomba inayozizuia zisikamate. Bomba likipasuka au mabehewa yakiachana, hewa inatoka na breki zinakamata zenyewe.

Kabla mambo hayo hayajawa sheria, watu walilipia. Mwaka 1889 huko Armagh, Ayalandi, treni iliyobeba watoto na wazazi wao kwenye matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wahudumu wakaikata vipande viwili ili wapande na kimoja kimoja, na mabehewa ya nyuma yakaporomoka hadi kuigonga treni iliyokuwa ikija. Walikufa watu wapatao 80. Breki zao hazikuwa za kujikamata zenyewe, na treni zilikuwa zikiachanishwa kwa dakika, si kwa vipande vya njia. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lililazimisha breki za kujikamata kwa treni za abiria na mfumo wa vipande. Kwa hiyo treni ya asubuhi ikisimama nje ya kituo, taa nyekundu, watu wakianza kuguna na kutazama saa, mimi huwa sina shida. Kipande cha mbele hakijawa wazi. Nisingependa aliye mbele yangu wala aliye nyuma yangu aruhusiwe kukadiria kwa macho.

Kuna jambo moja la reli ambalo ningependa kila mwenye mashua alichukue. Wafanyakazi wa reli wa Japani wana desturi ya kuonyesha kitu kwa kidole na kutamka hali yake kwa sauti: ishara ile, wanainyooshea kidole, wanasema ni ya kijani. Ni namna ya kulazimisha macho, mkono na mdomo vikubaliane kabla ya kuendelea. Nimeipeleka mashuani kama ilivyo. Kabla ya kufungua kamba nasimama kwenye ngazi ya kushukia chini na kuanza: kidole kwenye vali ya gesi, "imefungwa"; kidole kwenye vali ya choo, "imefungwa"; ngama, yaani chini kabisa ya mashua maji yanapokusanyika, "kavu"; injini, nachungulia tezini, nyuma ya mashua, yanapotokea maji ya kuipoza, na kusema "maji yanatoka". Nikifika kwenye nanga sisemi "ipo", nasema "imefungwa kwenye mnyororo, pini iko mahali pake", kwa sababu nanga inaweza kuonekana ipo na isiwe imefungwa kwenye kitu. Wageni hushangaa mara ya kwanza. Mara ya pili huanza kutamka nami.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo ni treni ya mwisho ya kurudi nyumbani.

Treni ni rafiki mkubwa wa tanga kuliko gari. Mwenye gari lazima arudi alikoliacha, hata upepo ukigeuka na kumjia usoni, hata mawimbi yakipanda. Mwenye treni anaweza kwenda upande mmoja tu: anasafiri na upepo, anafunga mashua kwenye gati lililo karibu na kituo kingine cha njia ileile, anapanda treni, anarudi, kisha anaifuata mashua yake siku ambayo upepo unakubali. Unapopanga safari, fungua ramani ya bahari na ramani ya reli pamoja, uweke alama kila gati ambalo unaweza kutembea kutoka hapo hadi kituoni. Hizo ndizo bandari zako za kukimbilia. Wengi wanazijua bandari za kukimbilia dhoruba lakini hawajawahi kujiuliza watatokaje hapo wakishafika, na kutojua huko ndiko kunakowasukuma waendelee mbele wakati busara inasema ingia.

Tatizo ni kwamba treni hiyohiyo inaleta ratiba ndani ya mashua. Mabaharia wa siku nyingi husema kitu cha hatari kuliko vyote ndani ya chombo ni ratiba, na sijaona cha kupinga. Ukijua treni ya mwisho inaondoka saa nne usiku, na maji yanapwa, na mlango wa bandari una mchanga, utaanza kujiambia kina kinatosha. Utaacha kupunguza tanga wakati ulipaswa kupunguza, kwa kuwa mwendo utashuka. Ninachowashauri ni kuamua nchi kavu, kabla ya kuondoka: treni ya mwisho unayoihesabu si ile ya mwisho kwenye karatasi, ni ile iliyo mbili kabla yake. Ukiikosa hiyo, mashindano yameisha, unalala mashuani, na watu wa nyumbani wanajua tangu asubuhi kwamba hilo linawezekana. Weka mashuani blanketi kavu, chakula cha asubuhi, dawa zako kama unatumia, na chaja ya simu. Vitu hivyo vinne vinakuondolea sababu ya kukimbia. Kama kesho ni siku ya kazi ambayo huwezi kabisa kuikosa, basi safari ya leo iwe fupi kiasi cha kurudi mchana.

Kuhusu mizigo nitasema machache. Tumia mfuko laini unaojikunja, si sanduku. Behewa la jioni halina nafasi na mashua haina pia. Nguo zilizolowa ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Jaketi la kuokolea la aina inayojijaza lenyewe lifungiwe mahali pakavu, maana kwa aina nyingi kile kidonge kinachoyeyuka kinaweza kulegezwa na unyevu, na hutaki mtungi wake ufyatuke katikati ya watu waliobanana. Petroli na fataki za dharura huzuiwa na mashirika mengi ya reli, kwa hiyo vibaki mashuani au vipelekwe kwa njia nyingine. Soma masharti ya tiketi yako.

Na waya za umeme. Njia nyingi za reli zina volti 25,000 juu ya mabehewa, na umeme wa nguvu hiyo unaweza kuruka kabla hujaugusa. Mlingoti wa alumini unapitisha umeme. Wa kaboni pia. Ukiivuta mashua kwa trela, laza mlingoti kabla hujaondoka ulipo, hata kama safari ni ya dakika chache, hasa kukiwa na makutano ya barabara na reli njiani. Usiusimamishe karibu na njia yenye waya, hata kidogo. Majini, kimo cha nafasi iliyo chini ya daraja kilichoandikwa kwenye ramani hupimwa kutoka kiwango fulani cha maji kujaa, na kiwango hicho hutofautiana kati ya nchi na nchi. Soma maelezo yaliyo pembeni ya ramani, kisha hesabu antena iliyo kileleni.

Kwenye maisha ya kila siku, ile Kanuni ya 8 imenisaidia nje ya maji kuliko nilivyotarajia. Treni ikichelewa, watu hutuma ujumbe wa "nakuja dakika tano" mara nne mfululizo, na anayesubiri anakosa la kupanga. Tuma mmoja, mapema, wenye badiliko kubwa na la wazi: nitachelewa saa nzima, anzeni bila mimi. Ukifika kabla ya hapo, hakuna aliyeumia.

Limebaki daraja la reli linalofunguka kupitisha mashua. Hapa ndipo abiria wa treni na watu wa tanga wanapogombana kweli, na nadhani kila upande una jambo ambalo mwingine halioni. Abiria anaona mashua moja inasimamisha treni nzima, naye anauliza kwa nini isingoje. Kungoja kwenyewe ndiko kugumu. Mashua haina breki. Mkondo ukiwa nyuma yako unakusukuma kwenye nguzo za daraja, na mwendo ukipungua sana usukani haushiki. Kwa hiyo fika umeshatua tanga, injini imewashwa na kujaribiwa mapema, nanga iko tayari, na geuza omo, mbele ya mashua, kuelekea mkondo ukiwa bado mbali. Huko Marekani, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na mfupi ni wa kuomba daraja lifunguliwe. Ukijibiwa kwa milio mitano mifupi, halifunguki, na nafasi ya kugeuza uwe nayo tayari.

Kwa upande wetu, sisi wa tanga tukubali kwamba saa za kwenda na kurudi kazini treni ipewe nafasi ya kwanza. Inabeba mamia ya watu ambao wengi wao hawana njia nyingine. Tunachostahili kudai ni saa za kufungwa zitangazwe mapema na ziheshimiwe, ili tuzipange pamoja na maji kujaa na kupwa. Na kuhusu matengenezo, maslahi yetu na ya abiria ni yaleyale. Daraja la reli la Norwalk, jimbo la Connecticut, lililojengwa 1896, lilikwama wazi mwaka 2014 na treni zikasimama. Daraja la Portal huko New Jersey, la mwaka 1910, limekuwa na historia ndefu ya kushindwa kujifunga vizuri baada ya kupitisha chombo. Daraja likikwama wazi anaumia abiria, likikwama limefungwa tunaumia sisi, na chuma kilichochakaa ni kilekile.

Dawa inayochaguliwa mara nyingi ni daraja jipya la juu lisilofunguka, kama lile linalochukua nafasi ya Portal. Kwa treni ni nafuu kubwa. Kwa mlingoti mrefu kuliko daraja, mto umefungwa moja kwa moja, na hilo huamuliwa miaka mingi kabla ya nguzo ya kwanza kusimama. Ukisikia mradi wa namna hiyo karibu na maji yako, nenda kikaoni wakati michoro bado ni penseli. Nenda na vipimo: urefu wa mlingoti kutoka usawa wa maji pamoja na antena, kina cha mashua, saa za maji unazoweza kupita, na idadi ya mashua za wenzako zilizo juu ya mto zenye mlingoti mrefu kuliko huo uliopendekezwa. Pimeni kabla ya siku ya kikao, pamoja, kwa kamba iliyofungwa kileleni na kushushwa hadi majini.