Viunganishi vimejaa, mtiririko uko wapi?

Mdogo wangu wa Uyole, unasema mwalimu kaandika "haina mtiririko" kwenye insha yako ya kilimo cha viazi, wakati "vilevile" na "hata hivyo" zimejaa kila aya. Tatizo liko hapo hapo. Umeandika: "Viazi hulimwa Umalila. Vilevile Umalila kuna baridi. Hata hivyo baridi huzidi Juni." Kila sentensi imeshika mkia wa mwenzake, lakini unataka kutuambia nini?

Sasa msikie mama muuza viazi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya: "Mvua imenyesha usiku kucha. Leo Mwanjelwa siendi." Hakuna kiunganishi, na Mbeya nzima imemwelewa, maana tope la barabarani, ambalo mama hakulitaja, msikilizaji analijaza mwenyewe kichwani. Msomaji wa mbali, tuseme wa Mtwara, huenda asilijaze, kwa hiyo yeye mwandikie sababu.

Angalia na ngeli. "Gunia lilianguka kutoka kwenye lori. Lilikuwa bovu." Bovu lipi, gunia au lori? Yote mawili ni "li". Rudia jina tu (wapo walimu wanaokataza kurudia, mimi siwaungi mkono).

Kabla ya kukabidhi, msomee mtu wa nyumbani kwa sauti. Akikukatiza "nani huyo?" au "kwa nini?", tia alama hapo urekebishe.