Dawa mbili siku moja, na tumbo tupu

SWALI: Shuleni kwetu dawa ya kichocho na ya minyoo ya tumbo ziligawiwa siku moja. Watoto kadhaa walitapika, wazazi wakajaa getini. Si afadhali tuzitenganishe?
– Mwalimu wa afya, Misungwi

JIBU: Msizitenganishe, Mwalimu. Prazikwanteli, ile ya kichocho, na albendazole, ile ya minyoo ya tumbo, humezwa pamoja bila shida, na mkiweka siku mbili mtawakosa watoro mara mbili. Tunashuku watoto hawakunywa uji kwanza. Prazikwanteli kwenye tumbo tupu huchafua roho, tena mwili hauifyonzi vizuri. Watoto wale palepale shuleni, ndipo wapange foleni. Msitegemee chai ya nyumbani, maana wengine hawakuinywa. Hata wakishiba, mwenye minyoo mingi ya kichocho anaweza kuumwa tumbo au kichwa kwa saa chache. Wazazi waambiwe hilo mapema, siyo getini.

Halafu kuna fimbo ya kupimia urefu, maana ndio unaoamua idadi ya vidonge vya prazikwanteli. Mtoto avue viatu, asimame wima, na fimbo ikae sakafuni, isiegeshwe juu ya tofali. Kwa vidonge vya miligramu 600, kuanzia sentimita 94 ni kimoja, 110 kimoja na nusu, 125 viwili, 138 viwili na nusu, 150 vitatu, 160 vinne. Mgawaji akichoka huanza kusema “la nne wote viwili viwili”, na yule mrefu wa nyuma anaondoka na dozi pungufu. Albendazole haina hesabu: kidonge kimoja cha miligramu 400. Anayeumwa siku hiyo, au mwenye kifafa, asimeze, apelekwe zahanati.

SWALI: Kwenye uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi nimeona mabaka ya manjano kama chembe za mchanga. Mama huyu ameshatibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu.
– Muuguzi, Pemba

JIBU: Fikiria kichocho. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa kwenye mlango wa kizazi, na mkojo unaweza kupimwa usionekane na yai hata moja. Muulize alikulia wapi, alikuwa akiogelea au kufua kwenye vijito, aliwahi kukojoa damu utotoni. Dozi ya prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mabaka yenyewe huenda yasiondoke. Vipimo vya VVU na vya zinaa viendelee.

Kitanda unacho, taa unayo. Kinachokwamisha kliniki nyingi ni kwamba prazikwanteli huja na kampeni za shule tu. Iandike kwenye oda ya dawa ya kliniki yako.