Ikiwa na mpini wa mafuta kama bodaboda, hiyo sio baiskeli tena

SWALI: Shikamoo anko. Niko Leicester, huku Uingereza, jioni nasambaza chakula. Nimenunua baiskeli ya umeme ya mtumba, mota wati 1000, mpini wake wa mafuta kabisa kama bodaboda, ukisokota tu unaondoka bila kukanyaga. Jamaa aliyeniuzia anasema haina shida mana ni baiskeli, na ina swichi ya kushusha spidi nikiona polisi. Sasa wiki iliyopita mwenzangu kanyang'anywa yake barabarani, karudi kwa mguu na begi la pizza mgongoni! Ya kwangu iko salama? Na mwezi jana nimefaulu testi ya gari, haiwezi kuniharibia? Alafu Jumapili huwa tunaenda njia za mashambani na mdogo wangu wa miaka 12, naye anaitaka ya umeme. – Msambazaji

JIBU: Marahaba mjomba. Huyo aliyekuuzia kakuuzia pikipiki akakwambia baiskeli, basi.

Sheria ya huko inataka vitu vichache: pedali zinazofanya kazi, mota isiyozidi wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa (ndo maili 15.5 zao) umeme uache kukusaidia. Ukitaka kwenda zaidi ya hapo ni miguu yako au mteremko, hakuna atakayekuuliza. Ikiwa hivyo huhitaji leseni, bima wala namba, hata helmeti sheria hailazimishi, ingawa mimi bila helmeti sipandi. Mafuta ya kusokota bila kukanyaga mwisho wake kilomita 6 kwa saa, yaani spidi ya kuisukuma kwenye kilima, zaidi ya hapo iwe na kibali maalumu na hizi za kufungiwa mota na fundi mtaani hazinacho.

Na swichi haisaidii kitu, mana kinachoangaliwa ni chombo kinaweza nini, sio wewe leo umeiweka wapi. Polisi anainua tairi la nyuma, anasokota mpini, tairi likizunguka kwa kasi pedali zimetulia tuli, maongezi yameisha. Wala usitegemee stika ya "250W", stika inabandikwa na yeyote.

Sasa hapo kwenye leseni ndo pananitia wasiwasi. Kisheria unaendesha pikipiki isiyosajiliwa wala kukatiwa bima, na kutokuwa na bima faini yake ya papo hapo ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Wewe dereva mpya, ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili tangu ufaulu, leseni inafutwa, unaanza upya na leseni ya kujifunzia, nadharia na vitendo vyote unarudia. Yaani gari unanyang'anywa kwa kosa la baiskeli! Kuikatia bima hiyo nayo huwezi kirahisi mana haijasajiliwa. Mimi ningeiweka ndani leo, nitafute ya wati 250 hata kama inaenda polepole na chakula kinafika kimepoa kidogo. Na pevimenti usipite na yoyote ile, hata ya halali, hiyo ni ya waenda kwa miguu tangu sheria ya 1835.

Huko mashambani ya halali inapita popote baiskeli ya kawaida inapopita. Angalieni mishale kwenye vigingi: wa njano ni njia ya miguu, baiskeli haina haki hapo, wa bluu ni njia ya farasi na baiskeli mnaruhusiwa, ila mnampisha mwenye miguu na mwenye farasi. Farasi mpigie kelele mapema, salimia tu kwa sauti, mana kitu kinachomjia kimya kimya nyuma kinamshtua. Mimi mmoja aligoma katikati ya njia mpaka yule mama aliyempanda akashuka kumbembeleza, nikakaa pembeni nimeshika breki kama mtoto aliyechelewa shule.

Mdogo wako bado, ya umeme ni kuanzia miaka 14. Mwache akanyage ya kawaida, na wewe kwenye mlima zima mota umsubiri.