Mapigo kushuka wakati wa kuwekewa stenti ya shingoni

Pole dada. Umeuliza kama mapigo ya moyo ya mzee kushuka ghafla alipowekewa stenti ya shingoni (kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi) kunaonyesha moyo wake ni mbovu. Hilo peke yake si dalili ya moyo mbovu. Pale ateri ya karotidi, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, inapogawanyika, karibu na pembe ya taya, ukutani mwake kuna vipokezi vinavyopima presha. Puto dogo la kupanua mshipa likijazwa na stenti ikifunguka, ukuta unavutika, vipokezi vinaupa ubongo taarifa kwamba presha imepanda mno. Ubongo unapunguza mwendo wa moyo kupitia neva ya vagasi na kulegeza mishipa ya mwili. Ndiyo maana mapigo na presha vinaporomoka pamoja ndani ya sekunde chache. Kuna wagonjwa ambao moyo husimama kabisa kwa muda mfupi. Mimi ni muuguzi, na kwenye kazi hii atropini, dawa ya kuongeza mapigo, huwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano kabla puto halijajazwa. Madaktari wengine huichoma mapema, kabla mapigo hayajashuka.

Mapigo kwa kawaida hurudi upesi puto likishatolewa. Presha ndiyo huchelewa, maana stenti inaendelea kuusukuma ukuta: inaweza kubaki chini kwa saa nyingi, hata siku moja au mbili. Kwa hiyo vidonge vyake vya presha asivirudie mpaka daktari wake aseme. Ila mkifika nyumbani presha ikapanda sana na kichwa kikamuuma vibaya, hasa upande wa stenti, au akapata degedege, msisubiri kliniki, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo.