Ile mistari mitatu chini ya hadithi yako

Nyinyi mnaoandika mashairi na hadithi fupi na mko kama mimi, yani mashoga mnaoniuliza inbox kama mtu anaweza kufika mbali akiwa amejificha, hebu tuanze na kale kawasifu. Ile mistari mitatu inayowekwa chini ya kazi yako. Hiyo ndio iliniponza.

Hadithi yangu ya kwanza ilikubaliwa na jarida moja la mtandaoni, silitaji, mhariri akaniandikia ati wasifu wangu umepoa, niongeze "mshairi shoga kutoka Nakuru", wasomaji wa nje watapenda, na mimi kwa ile furaha ya kukubaliwa nikaongeza hapo hapo. Jumapili mamangu anasukuma chapati, simu yake ameiegemeza kwa mkebe wa unga, linki ikaingia kutoka kwa shangazi. Akapangusa mikono kwa leso, akasoma akiwa amesimama, chapati ikaungua mpaka moshi ukajaa jikoni. Miezi mitatu hakuniuliza kitu.

Sasa mwangalie mwandishi Binyavanga Wainaina, mtu wetu wa Nakuru. Alishinda Caine Prize, ile tuzo ya hadithi fupi za Waafrika, 2002 kwa stori iliyotoka kwa jarida la intaneti tu, 2003 yeye na wenzake wakatoa jarida la fasihi, Kwani?, kitabu cha maisha yake kikaja 2011, na ile insha ya kumwambia mamake kwamba ni shoga akaiandika Januari 2014, mama mwenyewe alishafariki tangu 2000. Miaka 12 baada ya tuzo! Wapo waliosema alichelewa, mimi naona siku aliichagua mwenyewe, hakuchaguliwa na mhariri.

Kwa hivyo tuma kazi, hata kwa kajarida kadogo, lakini wasifu andika wewe, na ukiambiwa ongeza, jibu "acha hivyo hivyo". Jina la kalamu litafute mapema, kabla hujashinda chochote, maana ukishashinda picha yako inazunguka kila mahali na hakuna kuirudisha. Na huku Kenya vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai, vinavyotumika kutushtaki sisi mashoga, bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019, siku tatu tu baada ya Binyavanga kufariki, sasa mhariri aliyekaa huko London atajuaje wewe uko salama lini?

Siku hizi mimi na mama tunaongea. Hadithi huniambia nimsomee, macho yake yamechoka, ila wasifu lazima ausome mwenyewe kwanza.