Piga magoti kabla hujatoka nyumbani

Ilikuwa sketi ya kijivu, kitambaa kizuri kizito, niliyoipata Owino, kwenye soko la mitumba, siku mbili tu kabla. Jumatatu nikaivaa kazini. Mimi ni karani katika ofisi ya kupitisha mizigo hapa Kampala, na nusu ya siku yangu haiishii mezani. Niko uani na madereva wanaotoka Mombasa kwa njia ya Malaba, nasoma namba za sili kwenye milango ya makontena na kuzilinganisha na karatasi. Basi nikainua mguu kukanyaga kidato cha lori, na mshono wa nyuma ukaachia kuanzia kwenye mpasuo hadi karibu na kiuno.

Dereva mwenye lori, mtu mzima wa Pwani, hakusema neno. Alifungua kabini, akatoa kikoi, akaninyoshea huku ametazama upande wa pili.

"Jifunge, mwanangu. Utanirudishia safari nyingine."

Nilishinda nimejifunga kikoi kile hadi saa kumi na moja jioni. Safari iliyofuata alikipokea kimefuliwa na kupigwa pasi, na hadi leo namwamkia kwa heshima ya baba.

Sketi yenyewe haikuwa mbovu. Ilinikaa vizuri nilipoijaribu, lakini niliijaribu nimesimama wima, mikono chini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kazi yangu haifanywi hivyo. Na mwenye kunifungua macho hakuwa mtu wa ofisini, alikuwa mama anayetunza maleba, yaani mavazi ya jukwaani, katika kikundi chetu cha maigizo.

Kikundi chenyewe ni cha watu wa kawaida: walimu, muuguzi, fundi wa magari, mimi. Hatulipwi. Tunakutana Jumamosi na kuigiza kwa Kiswahili, na tunafurahi sana kila tunapoona jirani aliyezoea Luganda anabaki kwenye kiti hadi mwisho. Mara mojamoja tunachanga nauli na tiketi tukatazame wenzetu kwenye ukumbi wa Taifa, ule uliofunguliwa 1959, halafu njiani tunabishana nani alisikika na nani hakusikika.

Igizo letu moja lilihusu kwanjula, siku ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Mimi nilikuwa binti wa nyumba hiyo. Nikaazimwa gomesi, gauni refu la heshima la wanawake wa Buganda, na yeyote aliyewahi kuivaa anajua ni vazi lenye mambo yake: mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, kitambaa kinachoweza kufika mita 6, na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno. Hariri huteleza. Katika onyesho la kwanza nilipopiga magoti kuwasalimu wageni, goti likakanyaga pindo, na nilipoinuka mshipi ukafunguka wote ukaanguka sakafuni. Mwenzangu aliyecheza shangazi akaja taratibu, akaniinamia, akanifunga upya huku akiendelea kuzungumza na wakwe. Watazamaji wakadhani ndivyo ilivyoandikwa. Mimi moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni.

Baadaye mama wa maleba aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Uliwahi kupiga magoti ukiwa umeivaa?" Sikuwahi. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima nikiwa na suruali ya jinzi.

Tangu siku hiyo hakuna anayepanda jukwaani na nguo ambayo hajaikalia, hajaipigia magoti, hajainua mikono na kupanda ngazi akiwa nayo. Nami ndivyo ninavyofanya na nguo za kazi, ndugu zangu, na nakuomba ufanye hivyo. Ukiwa Owino usione haya: vaa juu ya nguo zako, chuchumaa palepale kwenye kibanda. Muuzaji ameyaona mengi. Ivute mishono kwa vidole viwili, hasa ya kwapa na ya makalio, na ukiona uzi unachungulia, mafundi cherehani wako hukohuko sokoni. Waombe waipitishe mara ya pili. Ni hela kidogo, na mimi sasa kila nguo ya mtumba inapitia kwao kabla haijafika ofisini.

Kama unakwenda kazini kwa boda, ijaribu pia ukiwa umekaa kama utakavyokaa kwenye boda. Kitambaa chochote kinachoning'inia, kanga, mtandio, mkia wa mshipi, ukifunge au ukikalie, maana kikiingia kwenye gurudumu huko si kuchanika nguo tena, ni kuumia. Na tope jekundu la msimu wa mvua likikurukia, usilisugue likiwa bichi. Liache likauke, likung'ute, ndipo ufue kwa maji baridi.

Kutoka kwa mama yule nimejifunza pia kushona kifungo kisichong'oka. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona ukipitisha nyuzi juu yake, kisha itoe. Nyuzi zitalegea. Kivute kifungo juu, zungusha uzi mara tatu nne katikati yake na kitambaa, ndipo ufunge fundo. Kifungo kinapata shingo, na nguo nzito haikivuti.

Gomesi nimeivaa tena mara nyingi tangu hapo. Ndani nafunga kikoi kiunoni ili hariri ipate pa kushika, na kwenye mkunjo wa fundo la mshipi naficha pini moja. Nimepiga magoti, nimeinuka, mshipi umetulia.

Ofisini nina kopo la majani ya chai: pini sita, vifungo vyeupe, mkasi mdogo, sindano mbili zilizokwisha kutungwa uzi, mmoja mweusi na mmoja mweupe, kwa sababu mikono ikitetemeka huwezi kutunga. Na kikoi, nilichojinunulia mwenyewe. Vyote viko kwenye droo ya juu, na sijawahi kuifunga kwa ufunguo.